Kuondoa Udhia Njiani



Mwaka jana kijana mmoja wa chuo chetu, huku kusini ya Tanzania, alipata ajali ya pikipiki akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Umri wake miaka 14, na jina lake twalisitiri. Yeye ndiye aliyekuwa akituadhinia Alasiri. Tulikwenda kumtazama, tukaketi karibu ya kitanda chake, tukamwambia, "Subiri, mwanangu, wala usilie, mwanamume halii." Akaitika, "Naam, maalim," kisha akageuza uso ukutani. Tukarudi nyumbani tukidhani tumetimiza wajibu wetu. Miezi mitatu ikapita, chuoni hakuonekana.

Siku hizo akaja kutuamkia binti mmoja tuliyemsomesha zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari. Alikuwa na kitabu cha hadithi anachosomesha wanafunzi wake, kilichotungwa na Henning Mankell wa Uswidi, mtu aliyeishi miaka mingi Maputo. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1995. Sisi elimu yetu ni ya chuo na ya darasa la saba, Kiingereza hatukijui. Tukamwomba atusimulie kwa Kiswahili, sisi na vijana wetu, baina ya Magharibi na Isha. Akakubali, ikawa kila Alhamisi.

Hadithi ni ya Sofia, mtoto wa Msumbiji, na asili yake ni mambo ya kweli. Kijiji chao kilivamiwa usiku wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1977. Yeye na nduguze wakakimbia na mama yao. Walikohamia, Sofia na dada yake Maria walikuwa wameonywa wasiiache njia iliyozoea kupitwa. Asubuhi moja Sofia akakanyaga kando. Bomu lililofukiwa ardhini likalipuka. Maria akafa, na Sofia akakatwa miguu yote miwili. Hatimaye alijifunza kutembea kwa miguu ya bandia, akajifunza na kushona kwa cherehani.

Vijana wetu wakauliza, "Nani aliyelifukia?" Binti yetu akawajibu kwamba aliyelifukia aghalabu hajulikani, na bomu la namna ile halimtambui askari wala mtoto, wala halijui kuwa vita vimekwisha. Mapatano ya amani ya Msumbiji yalitiwa sahihi Rome tarehe 4 Oktoba 1992, lakini mabomu yalibaki mashambani na njiani. Nchi ile haikutangazwa kuwa imesafishika mpaka Septemba 2015. Katika kazi hiyo walitumika hata panya buku waliofundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa baruti. Maana panya ni mwepisi, apita juu ya bomu lisilipuke. Vijana walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Tukawakumbusha kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi mojawapo la imani.

Alhamisi ya tatu ilisomwa habari ya Sofia hospitali, akimlilia Maria. Kijana mmoja akauliza, "Maalim, huyu hakuwa na subira?"

Hatukuweza kumjibu upesi. Maneno yetu ya kule kitandani yaliturudia. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, naye ni katika wenye subira. Hayo tumeyasomesha miaka thelathini, lakini kwa mtoto yule tuliyasahau. Tukawaambia vijana, "Alikuwa nayo. Sisi ndio tuliokosea kwa mwenzenu."

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tulikwenda kwao tukamwomba radhi. Alilia sana, nasi hatukumkataza. Aliponyamaza akatueleza sababu ya kutokuja: ngazi tatu za mlangoni, na pale pa kutawadhia panapoteleza. Alichelea kuanguka mbele ya wenzake. Miezi yote hiyo sisi twasema hana moyo, kumbe ni ngazi, wala hatukumwuliza.

Vijana wakachanga saruji. Wakaziziba ngazi kwa mteremko, wakapakwaruza pa kutawadhia, wakakaza mti ukutani wa kushikia. Alhamisi iliyofuata alikuja kwa magongo yake, akasikiliza hadithi mpaka mwisho. Kuadhini bado hajaadhini, nasi hatumhimizi.

Wazazi wenzetu, mtoto akipatwa na msiba, mwacheni kwanza aseme, na akitaka kulia alie. Kisha mwulizeni ni kipi kinachomzuia njiani, mkakiondoe pamoja naye. Nanyi vijana, msiningojee mimi wala mzee mwingine awaamrishe, kwani saruji ile hatukuinunua sisi.

Wabillahi tawfiq.