Kurudi shambani na kukuta panya

Familia inayorudi kijijini Djugu, jimboni Ituri, baada ya maisha ya kambini haikuti nyumba tupu. Panya wametangulia. Majani yamefika mlangoni, ghala limeanguka, na mbegu ya mahindi ni ile kidogo iliyonunuliwa Bunia. Ikipandwa leo, usiku panya wanaifukua.

Basi panga linatangulia jembe. Watu wanafyeka kuzunguka nyumba na pembezoni mwa shamba, maana panya hapendi kupita mahali peupe. Majirani wakipanda siku moja, hasara inagawanyika. Anayetangulia peke yake analisha panya wa kijiji kizima. Na ghala jipya lisimame juu ya miguu mirefu, kila mguu ukiwa umevikwa bati.

Halafu kuna sumu ya sokoni. Hapo wengi wanafanya haraka mno. Sehemu za Ituri zina tauni tangu zamani, na watu wa Rethy wanaijua vizuri. Panya akifa, viroboto wake wanahama kutafuta damu nyingine, na mtoto aliyelala chini kwenye mkeka ndiye wa karibu. Kwa hiyo dawa ya viroboto ipulizwe nyumbani kwanza, sumu baadaye.

Panya wakianza kufa wenyewe, wengine hushangilia. Afadhali wasiguswe kwa mkono, na kituo cha afya kipashwe habari siku hiyohiyo. Mwenye homa kali na uvimbe kwenye kinena au kwapa apelekwe bila kungoja kesho. Antibiotiki zinaponya tauni zikianza mapema.