Kimya Kina Maana Tatu

Nikienda Mombasa, watu wakiniuliza kazi yangu huku Doha ni ipi, najibu "kompyuta," na mazungumzo yanaishia hapo. Labda mtu aniletee simu iliyojaa picha. Lakini tangu kile kipindi chetu cha pesa za nyumbani, wengi wenu mmetuuliza jambo moja: kwa nini ukituma pesa, saa nyingine programu inazunguka weee, halafu haisemi ndiyo wala hapana? Sasa hilo ndilo swali la kazi yangu hasa. Hebu nijaribu kulijibu kwa Kiswahili, maana mamangu naye husoma huku.

Programu kubwa haiandikwi kama barua moja ndefu. Ni vipande vidogovidogo, kila kimoja kina taarifa zake na kazi kinazojua kufanya. Sisi huviita vitu. Kitu kinachoitwa "akaunti" kinajua salio lake, kinajua kuongeza na kupunguza. Kitu kingine kikitaka kujua kuna shilingi ngapi, kinakiita: nipe salio. Kama vyote viwili vimo ndani ya mashine moja, jibu linarudi ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, sehemu zinazohesabiwa kwa bilioni, na haliwezi kupotelea njiani kwa sababu hakuna njia. Mashine ikizimika, mwitaji na mwitwaji wanazimika pamoja. Hakuna anayebaki akijiuliza.

Tatizo linaanza pale vitu viwili vinapokaa kwenye mashine mbili tofauti. Kimoja kiko Doha, kimoja kiko Nairobi. Vitaitanaje?

Mwaka 1984, Andrew Birrell na Bruce Nelson wa maabara ya Xerox huko California walichapisha jinsi walivyolijenga jibu ambalo limetuathiri sote: tumfanye mwandishi wa programu aite kitu cha mbali kama anavyoita cha karibu. Huku kwako panawekwa wakili. Wewe unamwita wakili, yeye anachukua maneno yako, anayafunga kama mzigo, anayatuma. Upande wa pili kuna mwenzake anayefungua mzigo, anakiita kitu chenyewe, analifunga jibu na kulirudisha. Wewe huoni safari. Unaona umeuliza, umejibiwa.

Kufunga mzigo huko kuna siri yake. Ndani ya mashine moja naweza kukwambia tu "kiko droo ya pili," ukaenda ukakichukua. Kwenye mashine nyingine hiyo droo haipo, kwa hiyo lazima nikutumie kilichomo, siyo mahali kilipo. Sisi tuliolelewa huku tunalijua hili bila kusomea. Shangazi yangu akinielekeza kitu kwa simu husema, "pale kwenye mkunazi." Huo mkunazi ulikatwa kabla sijazaliwa. Yeye anao mti kichwani, mimi nimepewa anwani ya mahali nisipoweza kufika. Basi namwambia, "Shangazi, nifungulie mzigo," anacheka, ananieleza nyumba, rangi ya mlango, na duka la jirani.

Miaka ya tisini wazo la wakili lilikua likawa biashara kubwa. Mwaka 1991 muungano wa makampuni uitwao Object Management Group ulitoa kanuni za CORBA, ili kitu kilichoandikwa kwa lugha moja ya kompyuta kiweze kukiita kilichoandikwa kwa lugha nyingine, mradi wote wamekubaliana mkataba: unaniita kwa jina gani, unanipa nini, nakurudishia nini. Mwaka 1997 Sun Microsystems wakatoa toleo la Java lenye RMI, mbinu ya aina hiyohiyo kwa watu wa Java. Ahadi ilikuwa tamu: andika programu yako kama kawaida, mtandao utajificha wenyewe.

Lakini ndani ya Sun kwenyewe, mwaka 1994, Jim Waldo na wenzake watatu walikuwa wameshaandika karatasi fupi inayosema, kwa ufupi, kwamba ahadi hiyo si salama. Kitu cha mbali si kitu cha karibu kilichochelewa kidogo. Tofauti ni za asili: muda wa safari, kumbukumbu mnazotumia, watu wengi kufanya kazi kwa wakati mmoja, na kubwa kuliko zote, upande mmoja kuharibika huku mwingine uko mzima.

Tuanze na muda, maana huu unapimika. Kutoka Doha hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 3,500. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Piga hesabu: kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 35, na waya za baharini hazinyooki. Ule uitwao TEAMS, uliofikishwa Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, una urefu wa karibu kilomita 5,000, ukishuka bahari ileile ambayo majahazi yalishuka kwa kaskazi. Milisekunde 35 kwako ni kupepesa jicho. Kwa programu ni mamilioni ya zile simu za ndani nilizozitaja. Ukiandika kitu kinachouliza Mombasa mara elfu moja, swali kwa swali, mtumiaji wako atasubiri zaidi ya nusu dakika na atafuta programu.

Tena msidhani umbali huonekana. Hadi seva za M-Pesa zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, zilikuwa Ujerumani. M-Pesa ilianza Machi 2007. Yaani kwa miaka, mteja aliyesimama mbele ya muuza viungo pale Marikiti alimtumia pesa mtu wa hatua moja mbele yake, na ombi likaenda zaidi ya kilomita 6,000 hadi Ulaya, likarudi, ndipo simu ya muuzaji ikalia. Wote wawili waliona kama pesa zimeruka juu ya meza.

Muda hata hivyo unazoeleka. Kisichozoeleka ni kimya.

Hapa ninapoishi, Umm Salal Mohammed, kuna minara ya Barzan. Ni minara ya ulinzi ya mwishoni mwa karne ya 19, na moja ya kazi zake ilikuwa kutazamia vyombo vya wapiga mbizi wa lulu. Mlinzi alipanda, akatazama. Asipoona chombo, hakujua kama hakijang'oa nanga, kama kimezama, au kiko njiani kinarudi. Kilichofika machoni mwake ni kilekile: bahari tupu.

Ukituma ombi kwenye mtandao na jibu lisirudi, uko juu ya mnara huo. Huenda ombi lako halikufika. Huenda lilifika, lakini upande wa pili umeanguka au umelemewa na kazi. Huenda kazi imeshafanyika vizuri kabisa, na kilichopotea ni jibu. Kwa upande wako yote matatu yanafanana. Na dawa ya la kwanza, kutuma tena, ndiyo sumu ya la tatu.

Mwaka jana nyanyangu alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho Mombasa. Shangazi yuko kwenye dirisha la malipo, linafungwa saa kumi. Saa zetu na zao ni zilezile, kwa hiyo nasi tulikuwa tunaitazama saa hiyohiyo ikienda. Nilituma kupitia programu ya duka moja la kubadilisha fedha. Ikazunguka, halafu ikaandika tu: jaribu tena baadaye. Salio langu halikuonyesha kama limekatwa au la. Kilichobaki kwenye akaunti kilikuwa kodi ya nyumba ya mwezi ule.

Mamangu akasema, "Tuma tena, unangoja nini?"

Nikamwambia, "Mama, ikiwa ya kwanza imefika, ya pili itachukua siku kurudishwa, na kodi ni Jumapili."

Akanitazama. "Pesa mbili zitarudi. Zamu ya jicho la mamangu itarudi lini?"

Nimesoma vitabu vingi kuhusu suala hili, na sijaona lililosemwa vizuri kuliko hivyo. Kwenye fani yetu kuna njia mbili za kuishi na kimya. Ya kwanza: rudia mpaka ujibiwe, ukubali kwamba kazi inaweza kufanyika mara mbili. Ya pili: usirudie, ukubali kwamba inaweza isifanyike kabisa. Hakuna kanuni ya hesabu inayokwambia uchague ipi. Unaangalia kipi kinauma zaidi kikitokea, na hilo anayelijua ni mwenye jicho na mwenye kodi, siyo mashine.

Shangazi ndiye aliyetukatiza. "Mwanangu, usitume. Wamekupa namba?" Namba nilikuwa nayo, programu iliitoa kabla ya kutuma. "Basi waulize hiyo namba imefika wapi." Nilipiga simu, nikasoma namba, nikaambiwa ombi limepokelewa, liko kwenye foleni. Shangazi akamwomba mtu wa dirishani avumilie kidogo. Dakika kumi na tano kabla ya saa kumi ujumbe ukaingia.

Namba hiyo ndiyo njia ya tatu, na ndiyo ninayoijenga kazini karibu kila wiki. Kila ombi lipewe namba yake na anayeomba, kabla halijaondoka. Upande wa pili uitunze. Ombi lenye namba ileile likija tena, usifanye kazi upya, rudisha jibu lilelile la mwanzo. Hapo unaweza kurudia hata mara kumi bila kumlipa mtu mara mbili. Birrell na Nelson nao walizipa simu zao namba za namna hiyo, tangu 1984. Angalia lakini: ile namba ya muamala kwenye ujumbe wa M-Pesa hutolewa baada ya kazi kufanyika. Ni risiti nzuri, ila ujumbe ukipotea, namba nayo imepotea. Kinachokuokoa ni ile uliyokuwa nayo kabla.

Wajenzi wa siku hizi wamejifunza kutouficha mtandao. Safaricom walitoa mwaka 2017 mlango wa kuunganishia programu za watu na M-Pesa, wakauita Daraja, jina zuri. Ukiomba malipo kupitia Daraja, jibu la kwanza linasema tu ombi limekubaliwa lishughulikiwe. Halisemi pesa zimelipwa. Matokeo yanakuja baadaye, kwenye anwani uliyoiacha. Yasipokuja, kuna ombi jingine la kuulizia hali ya lile la kwanza. Vijana wanaoanza huona usumbufu: kwa nini isijibu mara moja? Kwa sababu kuna bahari katikati, na Daraja halikudanganyi kwamba haipo.

Wazee wetu hawakudanganyana pia. Mtu wa Mombasa akiwa Ghuba na hawezi kurudi kwa harusi yake, huozeshwa kupitia wakili. Wakili anakaa mahali pa bwana harusi, anajibu, lakini hujibu akitaja anamkubalia nani. Kila aliyeko pale anajua mwenyewe yuko mbali. Na babangu, alipofika Doha miaka ya themanini, aliandika namba juu ya kila barua aliyomtumia nyanya kwa mkono wa msafiri. Ndani alitaja alichotuma na kwa nani. Ikifika ya saba kabla ya sita, nyanya alijua kuna moja iko njiani au imepotea, na alijua wa kumuuliza.

Sisi tumepewa kitu kilichojificha vizuri zaidi. Saa ni moja, sauti inasikika kama yuko sebuleni, tiki mbili zinageuka buluu. Tunaanza kuwaona watu wa nyumbani kama wako ndani ya mashine moja na sisi. Binamu asipojibu siku tatu tunasema ametuchunia, kumbe bando limeisha, au amejibu kichwani akasahau kuandika, au anasubiri apate la maana la kusema. Tumechagua maana moja kati ya tatu, tena ile inayouma, bila kuuliza.

Kwetu sasa tuna utaratibu, na ni wa shangazi, siyo wangu. Kwenye kundi la familia kila anayetuma pesa anaandika kwanza: namba, kiasi, ya nini. Halafu ndipo anatuma. Anayepokea anajibu kwa namba. Kukiwa kimya mpaka jioni, mtu anapiga simu kuulizia namba hiyo, hatumi nyingine. Isipokuwa ya hospitali. Ya hospitali, mamangu ameamua, unatuma tena, na hesabu tutafanya baadaye.