Matondoni, Maji Yakipwa

Tulitoka mjini Lamu baada ya Swala ya Alfajiri, kina mama watano na watoto wetu, tukaelekea Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo. Mwezi ulikuwa umetimia usiku uliotangulia, nasi tuliichagua siku hiyo makusudi. Bamvua hupwa mbali. Saa nne jahazi lilikuwa limekaa juu ya mchanga, limetiwa gadi lisilale.

Hapo tukayaona yale ambayo abiria haoni: utelezi wa kijani, nyuzi za mwani, na vijigamba vyeupe vikali kama msumeno vilivyoganda hadi mkukuni. Mmoja wetu alipitisha kiganja, kikachubuka. Mzee mwenye chombo alituambia kuwa kila safari ya Faza ilimla mafuta kuliko kawaida, na hata tanga likijaa, jahazi lilikwenda kama limetia nanga. Vijana wake walikuwa wamekwisha kuifungua mashine kutafuta kasoro.

"Si mashine, wanangu. Maji hushika palipo na mashiko."

Katika miaka ya 1870, Mwingereza William Froude alivuta mbao ndani ya birika refu huko Torquay, nyingine laini kwa vanishi, nyingine zimegandishwa mchanga, akapima nguvu iliyohitajika. Zenye mchanga zilikuwa nzito mno kuvuta. Mzee wetu hakumjua Froude, wala hakumhitaji.

Mafundi walikwangua, wakapitisha mienge ya makuti kuua wadudu watoboao mbao, kisha wakapaka deheni kwa mikono: chokaa iliyokandwa kwa shahamu. Harufu yake haisimuliki. Wengine siku hizi hupaka rangi nyekundu yenye shaba, ambayo sumu yake huzuia viumbe kuganda.

"Na sumu hiyo huenda wapi?" akauliza binti yetu mdogo.

Swali zito. Mashua za starehe zilipotumia rangi yenye sumu ya bati, chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, walikosa kuzaana na magamba yao yakaharibika. Rangi hiyo ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 2008. Mzee hakujibu kwa maneno. Alielekeza kidole kwenye miamba, walipokuwa wanawake wa kijiji wakiokota chaza wa mchuzi wa jioni.

Maji yalirudi kabla ya kazi kwisha. Upande mmoja uling'aa mweupe. Wa pili ukabaki kungoja kupwa kwa kesho.