Uhuru wa Mlimani

Kijana wa kiume anapoaga nyumbani kwenda chuo, anaaga nini hasa? Sauti ya mama inayouliza ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Ukimya wa baba? Au anamuaga yule mtoto mtiifu aliyechoka kuwa yeye?

Nawaza haya tangu kundi letu la WhatsApp lilipoanza kunyamaza. Zamani lilikesha: utani, mpira, picha za ujana wetu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku hizi linaamshwa na mambo mawili tu, michango ya harusi na tanzia. Tunatuma pole, tunatuma kidogo tulichonacho, kisha kila mtu anarudi kwenye maisha yake. Tuliapa hatutaachana. Tumeachana bila hata ugomvi. Nani aliondoka kwanza?

Chumba chetu kiliandikiwa watu wanne. Usiku tulifika saba. Aliyekosa nafasi alibebwa na mwenye kitanda, wakalala mzungu wa nne kwenye dabodeka, miguu ya mmoja usoni pa mwenzake. Jiko la umeme lilikatazwa, kwa hiyo tulilificha chini ya kitanda, tukalifunika kwa ndoo. Lakini wali unapoiva haufichiki. Harufu ilienea korido nzima, na watu wakaja na vijiko vyao mkononi bila kualikwa. Hatukuwahi kumfukuza mtu. Ukinambia undugu ule ulikuwa wa uongo, nitakukatalia.

Boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipotoka, chuo kizima kilitembea kwa mwendo mwingine. Tulikula bata Sinza, tukarudi usiku wa manane tukiimba, hakuna wa kutuuliza. Tuliamini huo ndio uhuru wenyewe. Leo Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mhitimu mwenye deni, mwezi baada ya mwezi. Kila nikiitazama hati ya mshahara najiuliza: usiku ule wa kuimba barabarani bado naulipia, au nilishaumaliza?

Mlima ule unaijua kiu ya vijana. Chuo kilihamia pale 1964, na mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliteremka mjini kwa maandamano, wamevaa majoho, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao mamia yao. Nchi ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru, na tayari wanawe walikuwa wakiudai wa kwao. Walitaka uhuru wa kufanya nini? Sisi tuliowafuata miaka mingi baadaye tungejibu nini, tungeulizwa?

Wazee katika jamii zetu nyingi waliijua kiu hiyo, wakaijengea kumbi. Jandoni kulikuwa na kungwi, kulikuwa na maneno ya kufundwa, na kulikuwa na siku ya kutoka, kijana anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine na kijiji kizima kinajua. Sisi tuliingia kumbini bila kungwi. Aliyetufunda alikuwa mshkaji wa mwaka wa tatu, naye alifundwa na mshkaji mwingine. Tulifundwa kutolia. Tulifundwa kucheka wanachocheka wenzetu, na kumzungumzia msichana kama mechi iliyochezwa jana. Siku ya kutoka haikupangwa. Naogopa kwamba wapo kati yetu ambao hawajatoka mpaka leo, wana ndevu zenye mvi na bado wanasubiri korido iwapigie makofi.

Maana tuliyakimbia macho ya wazazi, tukaangukia macho ya washkaji. Yapi yalikuwa makali zaidi? Mama hugomba usiku, asubuhi anakuwekea chai. Korido ikikupa jina la utani, utaondoka nalo. Mmoja wetu alikuwa akiandika mashairi. Daftari lake alilisukuma chini ya godoro, mbali zaidi ya lile jiko, na nadhani alikuwa akiliogopea zaidi. Jiko likikamatwa, unaonywa. Shairi likikamatwa na sisi, je? Sijui alilipeleka wapi. Tulipohama hosteli, kila mtu alibeba ndoo yake na begi lake, na hakuna aliyeuliza habari za daftari.

Hayo ni mapotevu madogo. Lipo moja ambalo siwezi kuliita dogo.

Kabla yetu palikuwa na Mzee Punch. Hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kubuni, na chini yake vijana wasiojitaja walibandika ukutani, usiku, michoro na maneno ya kumdhihaki waliyemchagua. Zamani kejeli hizo ziliwalenga wakubwa, na huenda ndani yake mlikuwa na ujasiri. Baadaye zikawageukia wasichana. Aliyepigwa Punch alitengwa, na kukaa naye kulikuwa kujitafutia balaa.

Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa kijinsia na wanaume waliojificha nyuma ya jina hilo. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilipaza sauti, na jina lake halijasahauliwa na wanawake waliokuja kuipigania haki baada yake.

Mimi narudi tena na tena kwenye vile vimbweta vya zege ambako tulisomea chini ya miti. Nafasi ya kukaa haikosekani pale. Ilihitaji nini kijana mmoja avuke, aketi kando ya aliyetengwa, afungue kitabu? Hatua chache tu. Hakukuwa na mzazi wa kumzuia, wala mwalimu, wala sheria. Kati ya watu huru wote wale, nani alikuwa huru kuzipiga hatua hizo? Na mimi, kwenye korido yangu, ningezipiga?

Waliobandika karatasi zile, walio hai, leo ni watu wazima wanaokaribia kustaafu au waliokwisha kustaafu. Huenda wana mabinti waliosoma kwenye mlima uleule. Huenda nao wana kundi lao, linaloamshwa na tanzia. Wakikutana misibani na kuanza kusimuliana enzi zao, huku wakicheka na kufuta machozi, Levina wanamhesabu kati ya waliotangulia?