Kutupa Asi Mbili

Karata mbaya haimsumbui mtu. Unaitupa, unangoja nyingine. Inayosumbua ni ile nzuri, ile iliyokufanya ukae wima kwenye benchi, halafu mchezo unageuka na wewe bado umeishika.

Wacheza matatu wa Bwera na hapa Kyondo wanalijua hili hata kama hawajawahi kulisema. Kwa hesabu tunayotumia sisi, joka ni 50, mbili ni 20, asi ni 15. Ukiwa na joka na asi unajiona tajiri. Lakini mtu akitupa saba ya kukata, mchezo umeisha palepale, mnahesabu, na mwenye hesabu ndogo ndiye mshindi. Utajiri wako wote umegeuka deni. Nimeona vijana wangapi wanaibana joka wakingoja wakati wake, hadi wanakatwa nayo mkononi!

Poka tulifundishwa na mzee mmoja ambaye zamani alikuwa anafagia kasino Kampala. Kwenye kikundi changu tunacheza kwa maharage, si kwa pesa. Kwanza ni sheria: hapa Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, mtu ambaye hajafika miaka 25 haruhusiwi kucheza kamari, na wengi wetu hawajafika. Pili, maharage hata ukiyapoteza yanapikwa jioni na wewe unakula.

Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunguliwa mezani, ni za wote. Kila hatua unaweka dau, au unalaza karata zako na kuacha ulichokwisha kuweka. Asi mbili ndizo mwanzo bora kuliko wote, na zinakuja mara moja katika kila mara 221. Mzee anasema kule kasino meza moja inagawa raundi kama 25 au 30 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: unaweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni kabla ya kuziona. Sasa nani atakubali kuzitupa?

Jumapili moja zilimwangukia kijana anayeshusha mizigo pale Mpondwe mpakani. Asi ya kopa na asi ya uru. Alikuwa anacheza na dada anayeuza chapati, wengine tulishaacha. Mezani zikafunguka sita ya shupaza, tisa ya shupaza, gulamu ya shupaza, mbili ya uru, na mwisho kabisa nne ya shupaza. Yaani shupaza nne ziko wazi. Mtu akiwa na shupaza moja tu mkononi, hata iwe tatu, amefikisha tano za aina moja na asi zako zimekufa.

Katikati kulikuwa na maharage 60. Dada akasukuma yake yote, 60 mengine.

Kijana alitoa macho. Mzee akamwambia, "Usiangalie karata zako, unazijua tayari. Mwangalie yeye." Halafu akatufanyia hesabu kwa kijiti kwenye vumbi. Ulipe 60 upate 120. Maana yake ni kwamba katika kila mara tatu ukishinda hata mara moja, hujapoteza kitu. Kwa hiyo swali siyo kama asi mbili ni nzuri. Swali ni kama dada huyu, akisukuma yote namna hii mara tatu, kuna hata mara moja anadanganya. Na dada huyu jioni nzima alikuwa anaongea, anacheka, anatupa karata ovyo bila kujali. Sasa alikuwa kimya, mikono juu ya magoti, hata hakuzichungulia tena.

"Lakini nimeshaweka 30!" kijana akasema.

Hayo 30 hayakuwa yake tena, yalikuwa ya meza. Hapo ndipo watu wengi wanapozama, na siyo kwenye poka tu.

Akazilaza. "Basi dada, nionyeshe."

"Ulipe ndiyo uone."

Na ndiyo kanuni yenyewe: asiyelipwa halazimiki kuonyesha. Wiki nzima kijana alikuwa na hasira, juu hakujua kama aliponea au alitishwa tu.

Namwelewa, kwa sababu nyumbani kwetu tunaishi na jambo kama hilo. Papa ana shamba la kahawa Kyondo. Siyo Kyondo hii, ni ile ya upande wa Congo, huko milimani karibu na Butembo. Majina yanafanana kwa kuwa Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wamoja, mpaka ulikuja kutukuta. Karatasi ya shamba anayo, miti aliipanda mwenyewe, majirani wanamjua.

Msimu uliopita alibeba magunia mawili matupu hadi Mpondwe. Kutoka Kasindi kwenda Beni ni ile barabara ambayo magari yameshambuliwa mara nyingi. Alikaa pale saa tatu nzima. Hakuuliza bei ya kahawa. Aliuliza nani amepita jana, na nani amerudi. Madereva ambao siku zote wanavutana abiria kwa kelele, siku hiyo walimjibu kwa neno moja moja. Akarudi na magunia yake.

"Papa, kwa hiyo umeacha shamba?" kaka yangu akamuuliza.

"Nimeacha safari."

Baadaye watu wengine walisema barabara siku ile ilikuwa shwari. Inawezekana. Mimi bado naona aliamua vizuri, kwa kile alichokiona na kukisikia akiwa pale. Kahawa ilichumwa na nani, hatujui.

Ninyi wa mashirika mnatuletea fomu: una nia ya kurudi, ndiyo au hapana. Mkimwona Papa amekaa muda mrefu na kile kisanduku, msidhani hajui kusoma.

Siku hizi anachuma kahawa ya watu kwenye vilima vya huku, kwa malipo ya siku. Yale magunia yako chini ya kitanda. Wiki hii nimemsikia ameanza tena kuwauliza madereva.