Shisima

Michezo haipimwi kwa bei ya vyombo vyake. Miongoni mwa Watiriki, katika nchi ya Waluhya magharibi mwa Kenya, upo mchezo ambao uwanja wake huweza kuchorwa mchangani kwa kijiti, na kete zake zikawa vijiwe au vifuniko vya chupa. Jina lake ni shisima, neno lililo ndugu wa kisima; maana yake ni maji yaliyokusanyika. Kete huitwa imbalavali, yaani wadudu wa majini, kwa kuwa huteleza upesi huku na huku.

Chora, msomaji, umbo la pembe nane. Unganisha kila pembe na ile inayoikabili. Mistari itakuwa minne, nayo itakutana katikati. Hapo ndipo shisima. Kila mchezaji ana kete tatu, azipangazo katika pembe tatu zinazofuatana, akikabiliana na mwenzake. Kwa zamu, kila mmoja husogeza kete moja kufuata mstari mpaka mahali patupu palipo jirani. Kuruka kete ni mwiko. Kula kete hakuna. Ashindaye ni yule azipangaye kete zake tatu katika mstari mmoja upitao shisima. Miendo ile ile ikirudiwa mara tatu, mchezo huo hauna mshindi.

Sheria ni hizo tu. Mtoto huzishika kwa dakika chache. Lakini tazama zilivyo na busara. Hapana ushindi usiopita majini, kwa hiyo kila mmoja huyataka maji. Aliyeyatwaa, hata hivyo, hajashinda bado: sharti apate wenzi wawili, mmoja kila upande, na mpinzani hakosi kuiziba nafasi mojawapo. Akichoka kungoja akatoka, huacha mlango wazi. Kukaa bila msaada hakufai; kutoka bila shauri ni hatari.

Nami naupenda mchezo huu kwa sababu nyingine. Hauna bahati nasibu wala kete iliyofichwa. Yote yako wazi mbele ya macho ya wote wawili. Mshindwa hana wa kumlaumu: hakuibiwa, hakupunjwa, hakuonewa, hakutazama tu. Nimewaona watu wazima wenye maneno mengi wakinyamazishwa na mtoto aliyetazama vizuri zaidi, kisha wakacheka na kuomba mchezo wa pili. Kukubali hivyo ni kuzito kwa mtu yeyote, na hapa hufundishwa bila fimbo.

Basi, ukipata mwenzi na kivuli, chora. Na kabla ya kusogeza kete yako, tazama kwanza mwenzako anataka kwenda wapi.