Kabla Rangi Haijaingia Kwenye Skrini

"Mjomba, hii Kindle imeharibika? Mbona haina rangi?" Mpwa wangu aliuliza, na kabla sijamaliza kumjibu alikwisha kuiweka mezani na kurudi kwenye simu yake. Swali halikuniudhi. Kilichoniudhi ni kuiacha bila kusoma hata mstari mmoja.

Tarehe za vifaa hivi vya kusomea vitabu nimezihakiki: Sony walitoa Librie huko Japani mwaka 2004, Amazon wakafuata na Kindle Novemba 2007, kwa dola 399. Sisi wa Dar es Salaam hatukuzihesabu hivyo. Kwangu mambo yalianzia Kariakoo, kwa mzee mmoja muuza simu za mtumba, ambaye kibanda chake kilinuka moshi wa risasi ya kuchomelea na karafuu alizokuwa akitafuna mchana kutwa.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinitoa nje kwenye jua la saa saba, simu mkono huu, Kindle mkono ule, akasema, "Soma." Kwenye kioo cha simu niliona uso wangu tu. Kwenye Kindle herufi zilikaa wazi, nyeusi juu ya kijivu, kama gazeti. Akabonyeza kitufe: skrini nzima ikawa nyeusi, ikageuka nyeupe, maneno mapya yakatulia. Akanieleza kwamba ndani mna vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme huzipandisha hizi na kuzishusha zile, kisha zinabaki hapo hapo bila kula chaji mpaka ugeuze ukurasa. Mtaani kwetu umeme ulikuwa ukikatika wiki nzima, na maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya nitoe pesa. Usiku niliisomea kwa kandili, maana haikuwa na taa yake. Sijawahi kusoma riwaya nyingi kama miaka ile.

Kwa Kindle, taa ilikuja na Paperwhite ya 2012. Miaka iliyofuata herufi zikazidi kukolea, zikafika nukta 300 kwa inchi. Mwaka 2024 Kobo, kampuni nyingine ya vifaa hivi, wakaleta rangi, na Oktoba Amazon nao wakatoa Colorsoft.

Nimeziona hizo rangi. Jalada linapendeza, ingawa limepauka. Lakini rangi hizo hupatikana kwa kutandika chujio juu ya tabaka lile lile la nyeusi na nyeupe. Chujio linakula mwanga, ukurasa unafifia, inabidi uwashe taa hata mchana ukiwa ndani. Picha ya rangi yenyewe inaishia nukta 150. Wauzaji wa siku hizi wanakuonyesha majalada tu, wala hawafungui ukurasa wa maandishi matupu. Inakera, kwa sababu maandishi ndiyo kitabu.

Mwenye kusoma katuni, ramani au vitabu vya watoto, rangi inamfaa, anunue. Msomaji wa riwaya achukue nyeusi na nyeupe. Na kama una shaka, kabla hujalipa omba utoke na vifaa vyote viwili juani, usome ukurasa mzima kwenye kila kimoja.